Gelai, Julai 2007: mita mbili za Afrika zilizoongezeka kimyakimya

Jumanne ya tarehe 17 Julai 2007, yapata saa kumi na moja jioni, nilikuwa Arusha nasahihisha madaftari ya kidato cha tatu. Vioo vya dirisha vililia kwanza. Kisha meza ikasogea, na balbu iliyoning'inia darini ikaanza kubembea. Kwa siku tano tulikuwa tumekwisha kusikia mitikisiko midogo ambayo mtu angeweza kuidhania kuwa lori linapita. Huu haukuwa wa lori. Jirani yangu alitoka nje na mtoto mgongoni, bila viatu, na tukasimama uani tukitazamana bila kujua tunasubiri nini.

Nairobi nako watu walishuka ngazi za maghorofa mbio wakajaa barabarani, ingawa mji huo uko karibu kilomita 180 kutoka kitovu. Tetemeko lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Kitovu chake kilikuwa kwenye miteremko ya mlima Gelai, volkano iliyozimika zamani, kusini mashariki mwa Ziwa Natron, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Longido. Siku zilizofuata ardhi iliendelea kutikisika, mara kali, mara hafifu, hadi Agosti.

Jina lililokuwa midomoni mwa kila mtu lilikuwa jingine: Lengai. Oldoinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Kimaasai, uko kama kilomita 20 magharibi mwa Gelai na ndio volkano hai iliyo karibu. Kwa hiyo watu walisema mlima umeamka, ndiyo maana nchi inatetemeka. Nami niliwaambia hivyo wanafunzi wangu asubuhi iliyofuata, kwa uhakika wa mwalimu ambaye hajasoma chochote kuhusu jambo analolisema. Nilikosea, na kosa lile ndilo lililonifanya nikifuatilie kisa hiki mwaka baada ya mwaka, hadi nilipofikia kuamini kwamba hakuna mfano bora katika Afrika Mashariki wa kumfundisha mtu jinsi mabamba ya dunia, yaani vipande vikubwa vya tabaka lake la nje, yanavyosogea. Kwa sababu pale Gelai bara lilipanuka mbele ya macho yetu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika bila kishindo chochote.

Nianze na kile kilichopimwa.

Kwa bahati njema, watafiti walikuwa wamekwisha kusambaza vipima-mtetemo vya muda kaskazini mwa Tanzania, kati ya Manyara na Natron, majuma machache kabla ya mtikisiko wa kwanza wa tarehe 12 Julai. Hawakuja kuusubiri, kwani hakuna aliyejua kwamba unakuja. Lakini vifaa vilikuwa ardhini na vinafanya kazi, kwa hiyo mfululizo wote ulinaswa tangu mwanzo. Juu angani ilikuwapo ENVISAT, setilaiti ya Shirika la Anga la Ulaya, ambayo ilipita juu ya Natron kila baada ya siku 35 na kuipiga ardhi kwa rada. Ukichukua picha ya rada ya kabla na ya baada ukazilinganisha, unapata ramani yenye mikanda ya rangi mithili ya pete za mti uliokatwa, na kila mkanda unasema kwamba ardhi imesogea kuielekea au kuikimbia setilaiti kwa sentimita 2.8. Kwenye Gelai mikanda ilibanana. Kulikuwa na ukanda mwembamba wa ardhi uliozama kwa makumi ya sentimita, na pande zake mbili, kushoto na kulia, zilikuwa zimeinuka na kusukumwa mbali.

Umbo hilo lina maana moja kwa wanaolijua. Chini ya mteremko wa kusini wa Gelai magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa imepanda kupitia mpasuko uliosimama wima, ikauvimbisha na kuufanya kuwa ukuta. Ukuta huo ulikuwa na urefu wa kilomita kadhaa na unene wa takriban mita mbili. Haukufika juu. Juu ya ardhi ulionekana kama nyufa tu zinazokata malisho, na mchungaji aliyepita pale asingeona moshi wala moto.

Wataalamu walipolinganisha mitikisiko na ramani za setilaiti, walikuta hesabu hazilingani. Matetemeko yote yakijumlishwa, pamoja na lile kubwa la 5.9, hayakutosha hata kidogo kueleza kiasi ambacho ardhi ilikuwa imesogea. Sehemu kubwa ya mwendo ilifanyika bila mtikisiko. Kwanza ufa mmoja wa zamani, ule wa aina ambayo upande mmoja huteleza kushuka kando ya mwingine, uliteleza taratibu kwa siku kadhaa, kama droo nzito inayovutwa polepole ili isiamshe mtu. Mtelezo ule uliilegeza miamba ya jirani iliyokuwa imebanana. Miamba ilipolegea, magma ilipata njia ikapanda. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2008, na yaliwashangaza wengi kwa sababu jambo la namna hiyo lilitarajiwa mahali kama Iceland au Afar ya Ethiopia, ambako ganda la dunia limekwisha kuwa jembamba. Kaskazini mwa Tanzania ganda bado ni nene, na ufa bado ni mchanga.

Hapa ndipo inabidi kushuka chini kwenye matabaka yenyewe. Nitaanza na swali la mwanafunzi mmoja, binti aliyekaa dawati la mwisho, ambalo lilinifunga mdomo mwaka ule. Nilikuwa nimechora ubaoni duara la kawaida: ganda, chini yake koti jekundu la moto, halafu kiini. Nikasema mabamba yanaelea juu ya koti kama ngalawa majini. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kama chini ni uji wa moto, mbona hatuzami? Na kwa nini volkano haziko kila mahali?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu picha yenyewe niliyochora ilikuwa ya uongo. Ni uongo unaofundishwa sana, na madhara yake ni makubwa kuliko tunavyodhani, kwani mtu akishaamini kwamba tunaishi juu ya bahari ya magma, hawezi tena kuelewa jambo lolote kuhusu Gelai.

Koti la dunia, ambalo vitabu vingine huliita joho, ni mwamba mgumu. Linaanzia chini ya ganda na kushuka hadi kina cha kilomita 2,890 hivi, na karibu lote ni mwamba mgumu kabisa. Tunajua hivyo kutokana na matetemeko yenyewe. Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili yanayopita ndani ya dunia. Moja husukuma na kuvuta, nalo hupita katika kitu kigumu na katika kimiminika pia. La pili hutikisa upande kwa upande, na hilo haliwezi kupita katika kimiminika, maana maji hayana ushupavu wa kurudishia mtikiso wa ubavuni. Tetemeko la ukubwa wa 5.9 husikika kwenye vipimo vya mabara mengine. Kwa hiyo hata mawimbi yaliyotoka Gelai jioni ile yalikatiza kotini, na yale ya ubavuni yalipita bila shida. Koti lingekuwa uji, yangezimika palepale.

Yanapozimikia ni chini zaidi. Kwenye kilomita 2,890 mawimbi ya ubavuni hufa, kwa sababu hapo pana kiini cha nje, chuma na nikeli zilizoyeyuka, kinachoshuka hadi kilomita 5,150. Ndani yake kuna kiini cha ndani, tufe gumu lenye nusu-kipenyo cha kilomita 1,220 hivi. Kiini hicho kigumu kiligunduliwa na mwanamke, Inge Lehmann wa Denmark, mwaka 1936, kwa kuchunguza mawimbi ya matetemeko yaliyokuwa yakitokea mahali ambapo hayakutarajiwa. Huwa nalitaja jina hilo darasani kila mwaka, na wasichana wangu hulinukuu.

Basi ikiwa koti ni mwamba mgumu, mabamba yanateleza juu ya nini?

Nenda kwenye kituo cha malori mahali penye joto, tuseme Chalinze, uangalie lami. Ukiipiga kwa nyundo inameguka vipande. Lakini pale malori yanaposimama siku nzima juani, mwaka baada ya mwaka, lami ileile imebonyea na kujikunja pembeni kama kitambaa. Hakuna aliyeiyeyusha. Ni kitu kigumu ambacho, kikipewa joto la kutosha na muda wa kutosha, hutiririka. Mwamba wa koti uko hivyo. Kwa tetemeko la sekunde chache ni mgumu kama chuma. Kwa miaka milioni moja, ukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,300, unatiririka kwa kasi ya sentimita chache kwa mwaka. Arthur Holmes, Mwingereza ambaye akiwa kijana mwaka 1911 alikwenda kutafuta madini Msumbiji na akarudi na malaria, ndiye aliyekuja kueleza mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba mzunguko wa aina hiyo ndani ya koti unaweza kuyabeba mabara. Mjerumani Alfred Wegener alikuwa amesema tangu mwaka 1912 kwamba mabara husogea, lakini hakuwa na injini ya kuyasogeza.

Bamba basi si ganda peke yake. Ganda la bara lina unene wa kilomita 30 hadi 50 mahali pengi, la bahari kilomita 5 hadi 10 tu. Bamba ni ganda hilo pamoja na sehemu ya juu ya koti iliyopoa na kukakamaa, vikiwa vimegandamana na kusafiri pamoja. Unene wake aghalabu ni kilomita 100 hivi, na chini ya katikati ya Tanzania, kwenye miamba mikongwe ya Dodoma, Tabora na Shinyanga, unazidi hapo kwa mbali. Miamba ile ina umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Ni baridi, minene, na haipasuki kirahisi. Ndiyo maana Bonde la Ufa lilipofika hapo lilishindwa kupita katikati, likagawanyika kama mto uliokuta jabali: mkono mmoja ukapita mashariki kwa Turkana, Naivasha, Magadi na Natron, mwingine magharibi kwa Albert, Kivu na Tanganyika. Ziwa Tanganyika limo ndani ya ufa, nalo lina kina cha karibu mita 1,470. Ziwa Viktoria limekaa juu ya lile jabali, katikati ya mikono miwili, na kina chake hakizidi sana mita 80. Ukilitazama jambo hilo kwenye ramani mara moja, huwezi kulisahau.

Vipima-mtetemo vya mwaka 2007 vilionyesha tofauti hiyo waziwazi. Katika miezi ileile ambayo Gelai ilikuwa ikitetemeka, mtandao uleule ulinasa matetemeko mengine madogo huko Manyara, kusini zaidi. Ya Gelai yalikuwa karibu na juu, chini ya kilomita 10. Ya Manyara yalitoka kwenye kina cha kilomita 20 hadi 35, sehemu ya chini kabisa ya ganda, ambako mahali pengi duniani miamba imekwisha kulainika mno kiasi cha kutoweza kukatika ghafla. Manyara imelala kando ya jabali la kale, kwa hiyo hata kwenye kina hicho miamba bado ni baridi na bado inavunjika. Natron ina magma chini yake, na magma hulainisha kila kitu isipokuwa tabaka la juu. Mahali pawili, mwendo wa saa chache kwa gari, dunia ile ile, lakini tabaka linalovunjika halina kina kimoja.

Narudi kwenye swali la pili la yule binti, la kwa nini volkano haziko kila mahali. Koti likiwa gumu, magma ya Gelai ilitoka wapi? Wapandao Kilimanjaro wanajua kwamba kule juu maji ya chai huchemka kabla hayajafika nyuzi 100, kwa sababu hewa inayoyakandamiza ni nyepesi. Mwamba nao una tabia inayofanana na hiyo. Kwenye kina cha kilomita 100 una joto la kuweza kuyeyuka, lakini uzito wa kila kilicho juu yake unauzuia. Bamba likivutwa na kuwa jembamba, mwamba wa chini hupanda kuziba pengo, uzito unapungua, na sehemu ndogo ya mwamba huyeyuka bila kuongezewa joto lolote. Magma basi si hali ya kawaida ya chini ya miguu yetu. Ni tukio, na hutokea pale ambapo bamba limelegea au ambapo koti lina joto kupita kawaida. Chini ya Afrika Mashariki yote mawili yapo. Picha za mawimbi ya matetemeko zinaonyesha mwamba wenye joto zaidi unaopanda kutoka chini sana, karibu na mpaka wa kiini, mzizi wake ukielekea kusini mwa bara. Huo ndio ulioinua nyanda zetu za juu hadi zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Na nchi iliyoinuliwa hivyo hutanuka kwa uzito wake yenyewe, kama donge la unga wa chapati lililoachwa kwenye sinia.

Kwa hiyo bamba la Nubia, lenye sehemu kubwa ya Afrika, linaachana na bamba la Somalia, lililobeba Mombasa, Dar es Salaam, Zanzibar na Mogadishu. Kaskazini, huko Ethiopia, kasi ni milimita 6 hadi 7 kwa mwaka. Kadiri unavyokuja kusini inapungua. Kwa ajili ya hesabu, tuseme Natron ni milimita 3. Kucha zako hukua kwa mwezi mmoja kiasi ambacho Natron hukipata kwa mwaka.

Sasa fanya hesabu. Ukuta wa Gelai una unene wa mita mbili. Mita mbili ni milimita 2,000. Ukigawanya kwa 3 unapata zaidi ya miaka 660. Yaani magma ya majuma machache ilifidia mvuto uliokuwa umejilimbikiza tangu karne ya kumi na nne hivi, zama za masultani wa Kilwa. Hesabu hii mimi huiandika ubaoni na kunyamaza kidogo.

Maana yake ni kwamba mabamba yenyewe hayakusubiri. Mbali na ufa, upande wa Mwanza na upande wa pwani, nchi ilikuwa ikiachana milimita kwa milimita katika miaka yote hiyo, bila kukosa hata mwaka mmoja. Kilichokuwa kikisubiri ni kiungo cha kati. Pale katikati miamba ilikuwa imeshikana, ikinyooka kama mpira wa manati unaovutwa na hauachiliwi. Mwezi Julai mwaka 2007 ndipo katikati ilipolipa deni lake. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama bara linasogea polepole au kwa ghafla, namjibu yote mawili, na namwomba aangalie amesimama wapi anapouliza.

Huko Afar, Ethiopia, tukio la aina hii lilikuwa limetokea mwezi Septemba mwaka 2005 kwa ukubwa wa kutisha: ukuta wa magma wenye urefu wa kilomita 60 na unene wa hadi mita 8, katika majuma machache tu. Gelai ni mtoto mbele ya hilo. Lakini kwa maoni yangu Gelai ina thamani kubwa zaidi kwa anayetaka kujua mabara yanavyoanza kupasuka, maana Afar ni ufa uliokomaa na karibu unakuwa bahari. Kabla ya mwaka 2007 wengi walidhani kwamba katika hatua za mwanzo nyufa za mtelezo hufanya kazi peke yake, na magma huja baadaye ganda likishakuwa jembamba. Gelai ilionyesha kwamba magma inashiriki tangu mwanzo, hata ganda likiwa nene.

Na Lengai? Tarehe 4 Septemba 2007, baada ya mitikisiko kupungua, mlima ule ulilipuka kweli. Tangu mwaka 1983 ulikuwa ukimwaga taratibu ile lava yake ya ajabu, isiyopatikana katika volkano nyingine yoyote hai duniani: lava ya kaboneti yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, nusu ya lava za kawaida, inayotoka nyeusi na nyepesi kama mafuta machafu ya injini, kisha ikageuka nyeupe baada ya kukutana na unyevu wa hewa. Septemba ile ulibadilika. Ukarusha majivu kilomita nyingi angani na kuendelea hivyo kwa vipindi hadi mwaka 2008. Majivu yaliangukia malisho, na familia za wafugaji zikalazimika kuhamisha mifugo na wengine kuyahama maboma yao. Hawa ndio walioumizwa na kisa hiki kuliko sisi tuliotoka nje na kurudi ndani kumalizia chai, na nasikitika kwamba habari zao zilichukua nafasi ndogo sana magazetini.

Mpangilio wa siku unatuambia nani alimtangulia nani. Ufa uliteleza, ukuta wa magma ukapanda Gelai, na baada ya hayo Lengai ikalipuka. Kusema kwamba Lengai ilisababisha matetemeko, kama nilivyosema mimi siku ile, ni kugeuza habari kichwa chini. Wachunguzi wengi wanaona kwamba kuvimba kwa ukuta ule na kutikisika kwa nchi kulibadilisha mkandamizo kuzunguka mabomba ya Lengai, na hilo lingeweza kuuchokoza mlima uliokuwa tayari kulipuka. Mlima huo ulishawahi kulipuka kwa kishindo mara kadhaa bila Gelai: 1917, 1940, 1966. Kwa hiyo nakubali kwamba ulichokozwa, sikubali kwamba uliamriwa.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyalinganisha na kisa hiki, na nadhani inafaa kuyasemea.

La kwanza ni Bukoba. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lenye ukubwa uleule, 5.9, liliipiga Kagera. Nambari ni ileile, lakini Bukoba walikufa watu wasiopungua 17 na maelfu ya nyumba ziliharibika, wakati lile la Gelai liliishia kwenye hofu. Nambari ya tetemeko inapima nguvu iliyotoka kwenye mwamba tu, haisemi ni nani aliyekuwa juu yake. Gelai ni nyika yenye maboma yaliyotawanyika, nyumba za miti na udongo mwepesi. Bukoba ni mji wa matofali yaliyopangwa bila nondo za kuyafunga. Kila ninapomsikia mtu akisema "lilikuwa 5.9 tu, hata lile la Natron tulilizoea", moyo unaniuma.

La pili ni Mai Mahiu. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilifunguka karibu na Mai Mahiu nchini Kenya na kuikata barabara ya Narok. Picha za korongo lile zilizunguka dunia nzima, zikiambatana na habari kwamba Afrika imepasuka vipande viwili. Wanajiolojia wengi walipolitazama waliona kazi ya maji: mvua iliyosomba majivu laini ya volkano yaliyokuwa yamejaza mifereji ya kale chini ya ardhi, hadi dari yake ikaporomoka. Huenda mifereji hiyo ilifuata mistari ya nyufa za kale, lakini korongo lenyewe lilichimbwa na mvua. Ndivyo tulivyo: shimo lililochimbwa na maji lilipata umaarufu wa bara kupasuka, na bara lilipopanuka kweli pale Gelai, hakuna aliyepiga picha isipokuwa setilaiti.

Nimekwenda Engaresero mara tatu na wanafunzi. Kijiji kile kiko chini ya Lengai, kusini mwa ziwa, na karibu yake kuna uwanda wa majivu ya volkano yaliyoganda ambao una nyayo za watu zaidi ya 400, waliopita pale maelfu ya miaka iliyopita majivu yakiwa bado tope. Wanafunzi huvua viatu kupima miguu yao kwa macho dhidi ya ile. Ukisimama pale asubuhi unaona kila kitu kwa mkupuo mmoja: Lengai nyuma yako, ukuta wa magharibi wa Bonde la Ufa ukisimama kama boma, ziwa lenye rangi ya waridi kwa magadi na heroe, na Gelai mbele, pana, tulivu, mgongo wake ukiwa na nyasi. Ndiyo sehemu ambayo huwa nawaomba wakae kimya na kuniambia ni mlima upi kati ya hii miwili uliofanya kazi kubwa mwaka 2007. Hunyoosha vidole kuelekea Lengai, wote.

Mwaka jana mzee mmoja wa pale alikuja akasimama nasi, fimbo mabegani. Nilimwamkia, tukaulizana hali, nikamweleza tunachotafuta.

"Mwalimu," akaniambia, "mwaka ule mbuzi wetu walikuwa upande wa Gelai. Ardhi ilifunguka kama ngozi iliyokauka. Tulizungusha mifugo ili isivunjike miguu. Mvua mbili tatu, mchanga ukajaza. Sasa huwezi kuona."

Nikamuuliza kama kulikuwa na sauti. Akafikiri. Akasema siku nyingine sauti ilikuwapo, na siku nyingine walilala wakaamka wakakuta ufa umekuwa mpana zaidi ya jana, wala hakuna aliyeshtuka usiku.

Wanafunzi waliandika maneno hayo. Nami nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza, maana ndiyo habari ileile ya rada na vipima-mtetemo, imetoka kwa mtu aliyeipima kwa miguu ya mbuzi.

Leo kuzunguka Lengai na Natron kumesimikwa vipokezi vya setilaiti vinavyopima mahali vilipo kwa usahihi wa milimita, kazi inayofanywa na wanasayansi wa Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na wenzao wa Marekani. Vinaonyesha upande wa mashariki ukiondoka, taratibu, kama kawaida yake. Magma ya Gelai ilikwisha kuganda muda si mrefu baada ya kupanda. Imebaki kuwa mwamba kama miamba mingine, wima, chini ya malisho ya mbuzi, na katika mstari ule Afrika ina mita mbili ambazo mwezi Juni mwaka 2007 haikuwa nazo.